Jicho la Kamera na Mpaka wa Shamba

Picha ni shahidi anayeaminiwa sana katika zama zetu. Mtu akisema, "Nimeona," huenda akabishiwa. Lakini akitoa picha, wabishi hunyamaza. Hata hivyo shahidi huyu ana ila. Hueleza alichokiona, wala haelezi alikuwa amesimama wapi, aliuelekeza uso wake upande gani, na jicho lake lilienea upana kiasi gani. Kama shahidi wa namna hiyo angefika barazani, wazee wangemwuliza maswali hayo matatu kabla ya kumsadiki. Ajabu ni kwamba picha husadikiwa bila kuulizwa.

Leo simu ya mkononi huweza kujibu maswali hayo yenyewe. Kijana aliyesimama mahali pa wazi juu ya mwinuko wa Loresho, magharibi mwa jiji la Nairobi, asubuhi isiyo na mawingu, aweza kuinua simu yake na kuielekeza kaskazini mashariki. Programu iliyomo ikaandika jina la Mlima Kenya mahali pake hasa juu ya kioo, ingawa mlima wenyewe uko mbali zaidi ya kilomita 130. Akigeukia kusini magharibi, jina la Vilima vya Ngong huandikwa juu ya vilima hivyo, vilivyo yapata kilomita 20 kutoka hapo. Simu haikuutambua mlima kwa sura, kama mtu amtambuavyo jirani yake. Imejua mahali iliposimama, imejua imeelekea wapi, na imejua upana wa jicho lake. Yaliyobaki ni hesabu.

Mahali iliposimama hujulikana kwa mawimbi ya satelaiti, na habari hiyo ina historia yake peke yake. Katika insha hii tutafuata mambo mawili mengine, yaani pembe ya jicho la kamera na uelekeo wa chombo kinachoishika kamera hiyo. Mambo hayo si mageni katika Afrika ya Mashariki. Yalijulikana baharini kabla ya kamera kubuniwa. Yakaja bara pamoja na wapimaji. Kisha yakapanda angani katika ndege. Na msomaji ataona kwamba kosa dogo ndani yake laweza kusogeza mpaka wa shamba la mtu.

Kabla ya kamera kulikuwa na mkono. Nyosha mkono wako mbele yako, usimamishe kidole kimoja, nawe utaona kwamba kidole hicho chaziba sehemu ndogo ya mbingu. Manahodha wa Bahari ya Hindi walikifanya kidole kuwa kipimo chao. Duara nzima waliigawa katika vidole 224, hata kila kidole kikawa na zaidi kidogo ya digrii 1.6 kwa hesabu ya leo. Ahmad ibn Majid, bingwa wa bahari aliyetoka Julfar katika Ghuba, aliandika mambo mengi ya elimu hiyo katika karne ya 15, akieleza urefu wa nyota kwa vidole kutoka bandari hata bandari.

Kwa kuwa vidole vya watu havilingani, mabaharia walitumia kibao kilichoitwa kamal. Kilikuwa kipande cha ubao au pembe, kimetobolewa katikati na kupitishwa kamba yenye mafundo. Rubani aliuma kamba kwa meno, akakisogeza kibao mpaka ukingo wake wa chini ukagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukagusa nyota. Ndipo alipotazama ni fundo la ngapi. Kibao kikiwa karibu na jicho, pembe ilikuwa pana. Kikiwa mbali, pembe ilikuwa nyembamba. Nawasihi wasomaji walishike jambo hili dogo, la urefu wa kamba na ukubwa wa kibao, kwa maana tutalikuta tena ndani ya kamera.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, na tarehe 24 ya mwezi huo akang'oa nanga kuelekea Bara Hindi akiwa na rubani aliyempata hapo. Wengine wamedai kuwa rubani huyo alikuwa Ibn Majid mwenyewe, lakini wanahistoria wengi wa siku hizi hawalikubali dai hilo. Mwandishi wa Kireno João de Barros, aliyeandika katika karne ya 16, asimulia kwamba da Gama alimwonyesha rubani chombo chake cha kupimia jua, akitazamia kumstaajabisha. Rubani hakustaajabu. Alieleza vyombo vilivyotumiwa na marubani wa Bahari ya Sham, kisha akaonyesha vibao ambavyo watu wa bahari hii walivitumia kupimia nyota.

Malindi iko digrii 3 kusini mwa ikweta, na kwa hiyo Nyota ya Kaskazini haionekani hapo. Daftari ya safari hiyo yataja kwamba siku chache baada ya kuondoka, Wareno waliiona tena nyota hiyo, ambayo hawakuiona kwa muda mrefu. Kwao ilikuwa furaha ya kumwona rafiki. Kwa rubani ilikuwa mwanzo wa hesabu: kila nyota ilipopanda kidole, chombo kilikuwa kimesonga kaskazini kwa kiasi kinachojulikana. Kibao kilimpa pembe ya kwenda juu, na dira ilimpa pembe ya kuzunguka upeo. Pembe hizo mbili ndizo zinazotafutwa na simu mpaka leo.

Tuuache sasa mwambao, tufuate elimu hii bara. Baharini upeo wa macho ni mstari ulionyooka, nao humsaidia mpimaji bure. Bara hakuna msaada huo, kwa sababu vilima na miti huuziba upeo. Hapo hapana budi kutafuta mstari mwingine, na mstari huo kila mwashi anaujua. Huning'iniza timazi, na uzi hunyoka kuelekea katikati ya dunia. Huweka pimamaji, na povu hutulia mahali palipo sawa. Chombo cha wapimaji kiitwacho thiodolaiti kimejengwa juu ya kanuni hizo mbili. Ni darubini iliyowekwa juu ya miguu mitatu, nayo ina duara mbili zilizochorwa digrii. Duara iliyolala husoma uelekeo. Duara iliyosimama husoma kuinuka na kuinama.

Kati ya mwaka 1891 na 1892 Kapteni J. R. L. Macdonald aliongoza msafara wa kupima njia ya reli kutoka Mombasa mpaka Ziwa Victoria. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Nyuma ya reli walikuja walowezi, na walowezi walitaka hati za mashamba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilimwezesha mkuu wa serikali kuwauzia na kuwakodisha ardhi, na mwaka uliofuata ikaanzishwa idara ya upimaji. Loresho ikaangukia upande wa mashamba ya Wazungu. Magharibi yake, upande wa Kabete, iliendelea hifadhi ya Wakikuyu.

Isidhaniwe kwamba kabla ya wapimaji nchi hiyo haikuwa na mipaka. Wakikuyu waliipanda mipaka yao kwa miti na kwa maua ya itoka, mbele ya wazee na mashahidi. Mpaka wao ulikaa ardhini na katika kumbukumbu za watu. Mpaka wa mpimaji ulikaa katika karatasi, umeandikwa kwa digrii na futi. Mipaka ya namna mbili ilipokutana mbele ya serikali, karatasi ndiyo iliyoshinda, si kwa kuwa ilikuwa ya haki zaidi, bali kwa kuwa serikali ilijua kuisoma. Mzee aliyejua kila mti wa mpaka wake hakuweza kuikosoa namba asiyofundishwa namna ilivyopatikana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuoanisha thiodolaiti na kamera. Katikati ya karne ya 19 afisa mmoja wa Ufaransa, Aimé Laussedat, alitambua kwamba picha yenyewe imejaa pembe. Kila nukta iliyo juu ya picha imefika hapo kwa mwale ulionyooka kupitia lenzi. Ukijua umbali kati ya lenzi na bamba la picha, na ukipima nukta iko mbali gani kutoka katikati ya bamba, utajua pembe ya mwale ule. Ni kibao na kamba ya baharia, ila sasa vimo ndani ya sanduku. Umbali wa lenzi ni kamba, na bamba ni kibao. Lenzi iliyo karibu na bamba hutazama upana mkubwa. Iliyo mbali hutazama upana mdogo.

Mfano utaifafanua kanuni hiyo. Kamera za ramani zilizoenea katikati ya karne ya 20 zilikuwa na bamba la inchi 9 kila upande na lenzi iliyo inchi 6 kutoka bamba. Nusu ya 9 ni 4.5, gawanya kwa 6, utapata 0.75. Pembe ambayo tanjenti yake ni 0.75 ni karibu digrii 37. Hiyo ni nusu ya pembe. Pembe nzima ya jicho ni yapata digrii 74. Mtu hahitaji kuingia ndani ya ndege ili alijue jambo hilo. Jedwali la hesabu linamtosha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliunda mwaka 1946 idara ya kupima makoloni yake, na ndege za kikosi cha 82 cha jeshi lake la anga zikapiga picha sehemu kubwa za Afrika, Kenya ikiwamo. Haikupita miaka mingi kabla picha za angani kuingia katika jambo lililogusa kila nyumba ya nchi ya Wakikuyu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Mwaka 1954 ulitolewa mpango wa kilimo uliopewa jina la R. J. M. Swynnerton. Mpango huo ulitaka vipande vya ardhi vya kila mwenye mali, vilivyotawanyika huku na huku, vikusanywe kuwa shamba moja, lipimwe, na mwenyewe apewe hati. Kazi hiyo ilifanywa wakati maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, na watu wapatao milioni moja wamekusanywa katika vijiji vya lazima. Hivyo wengi waliopaswa kusimama juu ya mpaka na kusema, "Hapa sipo," hawakuwapo.

Wakulima waliagizwa kupanda ua kando ya mipaka mipya, ili ua ukikua uonekane kutoka angani. Ndege zikapita, picha zikapigwa, zikakuzwa, na mistari ya ua ikafuatwa kwa kalamu. Lakini ramani nyingi za awali zilichorwa juu ya picha zilizokuzwa tu, bila kunyoshwa kwanza. Kunyosha picha maana yake ni kuondoa makosa yaliyoletwa na kuinama kwa ndege wakati kamera ilipofumbua jicho. Nia ilikuwa kupiga picha upya baadaye na kusahihisha. Mahali pengi ramani za muda ziliendelea kutumika mwaka baada ya mwaka.

Tupime ukubwa wa kosa hilo. Chukua ndege iliyo mita 4,500 juu ya ardhi. Ndege ikilala ubavu kwa digrii 3 tu, kiasi ambacho abiria huenda asikitambue, kitovu cha picha huhama juu ya ardhi kwa zaidi ya mita 230, na upande mmoja wa picha huonyesha vitu vikubwa kuliko upande wa pili. Kosa hilo laweza kuondolewa na mtu anayejua ndege ililala kiasi gani. Asiyejua atachora, na mchoro wake utakuwa safi, wenye mistari myembamba mizuri, nao hautakuwa kweli.

Hata ndege ikiwa imetulia kabisa, nchi yenyewe haijatulia. Kiambu na Murang'a ni nchi za miinuko mirefu na mabonde yaliyozama. Tuseme mashamba mawili yana eka 10 kila moja, moja juu ya mwinuko, la pili bondeni, mita 100 chini yake. Lililo juu liko karibu zaidi na kamera, na kwa hiyo huonekana kubwa zaidi. Kwa ndege ile ya mita 4,500 juu ya bonde, urefu wake huzidi kwa zaidi kidogo ya sehemu 2 katika 100, na eneo lake huzidi kwa karibu sehemu 5 katika 100. Mashamba yaliyo sawa huandikwa kama kwamba yanatofautiana kwa karibu nusu eka. Nusu eka ni kitu gani? Kwa aliye mbali ni namba ndogo. Kwa mama mwenye watoto wanaokula kutoka katika shamba hilo, ni mahindi ya miezi kadhaa.

Makosa ya kazi ile hayakutoka katika kamera peke yake. Huko Fort Hall, wilaya iitwayo Murang'a leo, upimaji na ugawaji ulikuwa na kasoro na upendeleo mwingi hata ikabidi kazi irudiwe. Upendeleo ni kosa la moyo, na pembe ni kosa la chombo. Lakini makosa haya mawili hupenda kuandamana. Mahali ambapo watu hawajui chombo hufanyaje kazi, mwenye hila hujificha nyuma ya chombo, akasema, "Ndivyo ramani inavyosema."

Watunga sheria walijua udhaifu wa ramani hizo. Sheria ya ardhi iliyoandikishwa ya mwaka 1963 ilisema kwamba ramani ya msajili huonyesha mipaka kwa kukadiria tu, isipokuwa pale mpaka ulipopimwa na kuthibitishwa kwa makini. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, iliyochukua nafasi yake, ilirithi kanuni hiyo katika kifungu chake cha 18. Kwa hiyo ua uliopandwa ardhini una neno lake mbele ya ramani, na ugomvi wa mpaka hupelekwa kwanza kwa msajili. Ni watu wangapi wenye hati sandukuni wanaolijua hilo?

Sasa na tuirudie simu. Mwaka 2008 ilitokea simu ya kwanza iliyouzwa yenye mfumo wa Android, nayo ilikuwa na dira na chombo cha kuhisi kuinama. Mwaka 2009 iPhone 3GS ilitiwa dira, na mwaka 2010 iPhone 4 ikaongezewa chombo cha kuhisi mzunguko. Mwaka huo wa 2009 ilitolewa pia programu ya Sky Map, ambayo mtu akiielekeza mbinguni humwandikia majina ya nyota zilizo mbele yake. Laiti rubani wa Malindi angeiona, pengine asingestaajabu sana. Angeuliza tu kamba yake iko wapi.

Ndani ya simu wamo mashahidi watatu, nao twaweza kuwapa majina ya vitu tulivyovizoea. Wa kwanza ni timazi. Ni kipande kidogo mno cha silikoni kinachovutwa na uzito wa dunia, na kwa mvuto huo simu hujua chini ni upande gani. Wa pili ni dira, inayohisi usumaku wa dunia na kujua kaskazini. Wa tatu twaweza kumwita pia, kwa kumbukumbu ya pia wanayochezea watoto, kwa kuwa huhisi kila mzunguko. Ila ndani ya simu hakuna kinachozunguka, bali kipande kinachotetemeka.

Kila shahidi ana udhaifu wake. Timazi husema kweli chombo kikiwa kimetulia, lakini hubabaika mtu akikimbia au gari likitikisika, kwa maana haiwezi kupambanua mvuto wa dunia na mshtuko wa barabara. Dira hupotoshwa na chuma: nguzo ya jengo, mlango wa gari, hata sumaku iliyo katika mfuko wa simu. Pia hueleza vizuri jambo la sasa hivi, lakini baada ya dakika kadhaa husahau ilikoanzia na kupotoka kidogo kidogo. Programu iliyotengenezwa vyema haimwamini mmoja peke yake. Huwasikiliza wote, ikamsahihisha kila mmoja kwa neno la wenzake, kama hakimu mwenye busara. Mwishoni hupata namba tatu: uelekeo kutoka kaskazini, kuinama mbele au nyuma, na kulalia ubavu. Ndizo namba zile zile ambazo wachoraji wa ramani za angani walizihitaji wakati ndege ilipolala digrii 3.

Upo mtego mmoja ambao watengenezaji wa programu hunaswa nao mara nyingi. Mtu akiigeuza simu kutoka kusimama hadi kulala, picha iliyo juu ya kioo hujigeuza ili asomaye asipindishe shingo. Lakini mashahidi wale watatu hawakugeuka. Wamefungwa katika mwili wa simu, na kwao "juu" ni pale pale pa kwanza. Mtengenezaji asiyelikumbuka hilo huandika jina la kaskazini mahali pa mashariki, akakosea digrii 90 kamili. Vilevile upana wa jicho hubadilika, kwa kuwa upande mrefu wa picha sasa umelala badala ya kusimama.

Jambo hili la upana kila mwanafunzi aweza kulipima mwenyewe. Simama mita 2 kutoka ukutani, uishike simu ikiwa imelala, na mwenzako atie alama kwa chokaa mahali ukingo wa kushoto na wa kulia wa picha unapoishia. Pima kati ya alama hizo. Tuseme umepata mita 2.6. Nusu yake ni 1.3, gawanya kwa 2, utapata 0.65, na pembe yenye tanjenti hiyo ni digrii 33. Basi jicho la simu yako lina digrii 66. Isimamishe simu, pima tena. Ukipata mita 2 kamili, nusu yake ni 1, na hesabu itakupa jumla ya digrii 53. Ukivuta picha karibu, pembe itapungua. Hapo utakuwa umefanya kazi ya kamal, umbali wako kutoka ukutani ukiwa kamba, na nafasi kati ya alama ikiwa kibao.

Elimu hii si ya kutajia milima tu. Programu iitwayo LandPKS, ambayo miongoni mwa nchi ilikojaribiwa mapema ni Kenya na Namibia, humwezesha mkulima kupima mteremko wa shamba lake kwa kuielekeza simu kando ya mteremko. Kanuni za matumizi ya ardhi za Kenya za mwaka 1965 zilikataza kulima mahali ambapo mteremko ulizidi asilimia 35, yaani kiasi cha digrii 19, kwa kuwa mvua huuchukua udongo. Zamani mkulima aliambiwa na afisa kwamba shamba lake lina mteremko mkali mno, akanyamaza. Leo aweza kupima, na wakitofautiana, wakapima pamoja.

Hata hivyo tusiifanye simu kuwa sanamu ya kuabudiwa. Dira yake ikikosea digrii 10, jambo lisilo la ajabu karibu na chuma, jina la kilima kilicho kilomita 20 mbele litaandikwa kilomita tatu na nusu kando ya mahali pake. Satelaiti nazo huiambia simu ya kawaida mahali ilipo kwa kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa katika shamba dogo ni mgogoro wa ukoo mzima. Mtu asing'oe ua wa jirani kwa sababu simu yake imesema. Kazi ya kuthibitisha mpaka ni ya mpimaji na msajili, nayo inafanywa kwa vyombo vyenye usahihi mkubwa zaidi.

Basi faida ya kuyajua mambo haya ni nini? Ni kwamba ajuaye namna namba inavyopatikana aweza kuiuliza. Watu wa nchi ya Wakikuyu katika miaka ya 1950 hawakukosa akili wala ushujaa. Walikosa nafasi ya kuuliza ndege ilikuwa juu kiasi gani, ililala upande gani, na jicho la kamera yake lilikuwa na upana gani. Maswali hayo yangeulizwa mapema, mistari mingi ingechorwa mahali pengine.

Vijana wa leo wanayo nafasi hiyo mikononi mwao. Mtu akiwaletea picha ya shamba, au ya umati wa watu, au ya ajali, na kutaka waamini jambo kwa ajili yake, na wamwulize kwa adabu: aliyeipiga alisimama wapi, aliielekeza kamera upande gani, na jicho la kamera lilienea kiasi gani? Kama majibu yapo, picha ni ushahidi. Kama hayapo, bado ni nusu ya ushahidi, na nusu nyingine hapana budi itafutwe kwa utepe wa kupimia, kwa jedwali la hesabu, na kwa kwenda kusimama mahali penyewe.